Kamba ya Bwana Shamba

Binti wa kaka yangu amekuja likizo kutoka chuo kikuu, na amekuja na neno. Kila likizo huja na neno. La mwaka jana nimeshalisahau. Safari hii alinikuta uani nachambua maharage kwenye ungo, akaniuliza, "Shangazi, wewe ni mtu wa usasa au wa baada ya usasa?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa kuumwa magoti.

Hakucheka. Alivuta kigoda akanieleza, na anaeleza vizuri, sitamnyima sifa yake. Watu wa usasa, alisema, waliamini kuna ukweli mmoja na njia moja ya kwenda mbele, na kwamba ukichora mstari ulionyooka na kuufuata bila kugeuka, utafika. Watu wa baada ya usasa wameshachoka na mistari hiyo. Hawaamini hadithi moja kubwa ya kutosha wote. Wanachanganya cha jana na cha leo, na mtu akiwaambia ukweli ndio huu, wanamuuliza ni wa nani.

"Kila mtu ana upande wake, Shangazi, hata kama halijui jina lake. Wewe upande wako upi?"

Mawazo yangu yalikuwa yameshaondoka pale uani. Nilikuwa Nyakitonto, kijiji cha Kasulu, miaka ya sabini, ualimu wangu bado mbichi, namtazama mwanamume mwenye kaptura ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa anashuka kwenye baiskeli na kuuliza kwa nini ua wa shule umepinda.

Jina alikuwa nalo, na nadhani walioandika mshahara wake walilijua, lakini kijijini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Bwana Shamba, kama walivyokuwapo Bwana Afya na Bwana Mifugo. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikuuliza na yeye hakusema. Kiha, lugha ya Waha wa huko, alikizungumza kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza ukubwani, na hilo lilitosha kutuambia kwamba alikuja, kama wengi wetu tulivyokuja.

Begani alibeba kamba ya katani yenye mafundo. Kila fundo lilikuwa shimo moja la mahindi. Mmoja anashika mwanzo wa kamba, mwingine anashika mwisho, mnaitandika chini, mnachimba penye fundo, mnasogea. Kilimo cha kisasa kwake kilianzia kwenye kamba ile na kuishia hapohapo. Watu wa milima ya Kasulu walikuwa wakilima tangu enzi kwa kuchanganya: migomba juu, mahindi katikati, maharage yakipanda juu ya mahindi, maboga yakitambaa chini, na magimbi penye maji. Bwana Shamba akitazama shamba la namna hiyo alishika kichwa kama mtu aliyeingia chumbani akakuta watoto wamemwaga unga.

"Shamba ni darasa, Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, akidhani ananipa sifa. "Kila mmoja na dawati lake. Haragwe kwenye mahindi ni mwanafunzi aliyekalia dawati la mwenzake."

Mithali zake zilikuwa nyingi na zote zilihusu unyoofu. Mseto ni uvivu uliovaa kanga. Jembe halina siasa, lina nafasi. Ukimkaribisha chai, kabla hajanywa alivipanga vikombe vyote vya mezani mstari mmoja, mikono ya vikombe ikitazama upande mmoja. Jumapili moja kanisani aliinuka katikati ya mahubiri akaanza kunyoosha mabenchi yenye watu juu yake. Katekista alinyamaza akamsubiri. Bwana Shamba, akiwa ameinama, benchi mkononi na bibi wawili juu yake, akasema, "Endelea, endelea, nakusikia." Tulicheka hadi machozi, na yeye hakuelewa tunacheka nini.

Sasa nisije nikamfanya kichekesho. Binti wa kaka yangu ni mwepesi wa kuwacheka watu wa wakati ule, na mimi humwacha acheke, lakini moyoni nakasirika. Sisi tuliamini. Nalisema wazi: tuliamini, na ilikuwa furaha. Tuliamini watoto wote watasoma, wazee wote watajua kuandika majina yao, maji yatafika, zahanati itajengwa, na kwamba mambo haya yana mpango, na mpango una watu, na watu hao ni sisi. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, nilimwona Bwana Shamba akipita na kamba yake, viatu vya mpira miguuni, nikajiona si peke yangu duniani. Upande wangu ulikuwa upande wake. Kama lile neno la chuo, usasa, lingekuwapo Nyakitonto, ningelivaa kama beji.

Na mtu mwenyewe alijituma. Lori la mbegu likikwama njia ya Kibondo, alikwenda kwa baiskeli akarudi na gunia. Mgonjwa akizidiwa, baiskeli ile ile ilimbeba. Walipofika wageni waliokimbia matatizo ya Burundi, wakiwa na vifurushi na watoto, yeye ndiye aliyepita kila kibanda kuwagawia mbegu kabla hawajapata hata sufuria. Kisha, naam, aliwatandikia kamba. Nao walikuwa wachanganyaji kama wenyeji. Aliwagombeza kwa Kiha, wakamjibu kwa Kirundi, na kwa kuwa lugha hizo ni mtu na ndugu yake, walielewana neno kwa neno na hawakukubaliana hata moja.

Mtu wa namna hiyo ungetegemea awe mnyoofu pia katika maneno. Hapana. Bwana Shamba alikuwa na pengo la jino la mbele, na kila mtu alikuwa na habari yake ya lile jino. Wanafunzi wangu aliwaambia alitafuna jiwe kwenye maharage yasiyochambuliwa. Wazee wa kanisa aliwaambia alianguka na baiskeli kwenye mteremko kwa sababu ya kiburi cha mwendo. Wanywaji wa pombe ya ndizi, ambao alikwenda kukaa nao bila kunywa, aliwaambia alipigwa na mpini wa jembe la mlevi. Wageni wa Burundi aliwaambia lilimtoka alipokuwa mgeni mahali fulani, kwa kula vibaya. Mimi aliniambia ni teke la ng'ombe.

Siku moja nikamkabili. "Bwana Shamba, jino lako limetoka mara ngapi?"

Hakutahayari hata kidogo. "Jino limetoka, Mwalimu. Hilo ndilo la kweli. Mengine ni mbolea tu."

Nilipomsimulia binti wa kaka yangu hili aliruka kutoka kwenye kigoda. "Shangazi, huyo ni wa kwetu! Huyo ni baada ya usasa mtupu!" Nikamwambia atulie, sijamaliza, bado kuna ua wa matete.

Nyuma ya nyumba ya Bwana Shamba kulikuwa na ua wa matete mrefu kuliko mtu. Humo ndani alilima mkewe. Mkewe alikuwa rafiki yangu, mwanamke mwenye kicheko kinachotangulia kufika, na siku aliyonikaribisha ndani ya ua ule nilisimama nimeduwaa. Maboga yalipanda juu ya mahindi, maharage yalishika mabua, magimbi yalijaa penye maji ya kunawia, pilipili zilijiotea zilikotaka. Pembeni lilisimama shina moja la migomba, nene, lenye watoto wengi. Kamba haikuwahi kuingia mle.

"Na yeye?" nikamuuliza.

"Yeye hupitia mlango wa mbele," mkewe alisema. "Tangu tuoane hajawahi kupotea njia akaja huku."

Jioni nikala kwao. Bwana Shamba alionja boga, akafumba macho.

"Boga zuri. Limetoka wapi?"

"Sokoni," mkewe alijibu. Siku ile hapakuwa na soko.

Bwana Shamba alitikisa kichwa polepole, akanigeukia mimi. "Soko la hapa, Mwalimu, lina maboga mazuri sana." Akaongeza kipande.

Sijui wanandoa wangapi wameishi vizuri kwa ua wa matete. Ninachojua ni kwamba ndani ya ule ua kulikuwa na jambo ambalo hata mimi nilikuja kulijua baadaye mno, na ili nilieleze lazima nimlete Mama Skolastika.

Mama Skolastika alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta. Mjane, mrefu, mwenye kiko kidogo cha udongo kisichotoka mdomoni. Kabla ya vijiji vya ujamaa alikaa juu mlimani, nyumba yake katikati ya migomba yake, na mumewe alizikwa humohumo, kama watu wa huku walivyozikwa. Amri ilipokuja ya watu wote kushuka kando ya barabara kwenye nyumba za mistari, alishuka. Hakuwa mgomvi. Lakini kaburi halihami. Basi akachimba chipukizi la mgomba uliosimama kichwani pa kaburi, akalibeba kichwani mwake hadi kiwanja kipya, akalipanda mbele ya mlango. Likaota, likazaa, likawa shina. Akalizungushia kila kitu anachojua kula.

Asubuhi, kabla hajasalimia mtu, alikwenda mbele ya ule mgomba, akapiga goti, akapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, kama Waha wanavyomsalimia mtu wa heshima. "Mwakeye," alisema. Umeamkaje. Mimi nikiwa ndani napiga mswaki nilisikia yale makofi kila siku, na ndiyo yaliyoniambia kumekucha. Huku salamu ni jambo zito. Salamu haiachwi ikaning'inia. Asiyeitikia amekwisha kukuambia la moyoni mwake. Nikamuuliza siku moja kwa utani, "Mama, na nani anakuitikia?"

Akatoa kiko. "Mwenyewe alikuwa mzito wa kujibu hata alipokuwa hai. Nitamngoja."

Basi ikaja habari kwamba wageni wakubwa watapita barabarani kuona kilimo cha kisasa, na Bwana Shamba akatakiwa kuwa na shamba la mfano. Kiwanja cha Mama Skolastika kilikuwa kizuri, kimetazama barabara, udongo mwekundu wenye rutuba. Alikuja na vijana wa kijiji wenye majembe, akatandika kamba kutoka pembe hadi pembe. Maharage yaling'olewa, maboga yaling'olewa, Mama Skolastika amesimama mlangoni anavuta kiko. Kamba ilipofika kwenye mgomba ikagonga shina.

"Mama, huu umekaa kwenye mstari."

"Ego," alikubali. "Nimeuona." Akashuka hadi pale. "Bwana Shamba, vyote nimekuachia. Huu mmoja niachie. Huyu ni mzee wangu."

Bwana Shamba alijua. Kijiji kizima kilijua mgomba ule umetoka wapi. Aliitazama kamba yake muda mrefu, na mvua ilianza kudondoka, na vijana wakaanza kusogea chini ya paa.

"Mama, nikikuachia wewe mmoja, kesho kila nyumba itakuwa na mmoja wake. Kila nyumba ina mzee wake. Hapatakuwa na mstari."

Hapo ndipo alipokuwa amesema kweli, na hapo ndipo ilipouma. Mimi nilikuwa nimesimama kwangu, upande wake, na niliona ana haki. Mama Skolastika aliingia ndani akafunga mlango. Bwana Shamba aliwaambia vijana waende wakajikinge mvua, akachukua jembe mwenyewe, akachimba peke yake, kaptura yake ikilowa hadi ikapoteza mstari wa pasi. Nilifunga dirisha.

Asubuhi hapakuwa na makofi. Niliamka nikiwa nimechelewa shule.

Mahindi yalikubali, lazima niseme. Wageni walipita, wakashuka garini, wakapiga picha. Yalisimama safu kwa safu, ukitazama mwanzo wa mstari unaona mwisho wake. Mavuno yakawa makubwa kuliko yote niliyowahi kuona Nyakitonto. Mama Skolastika mwenyewe aliniletea mahindi mabichi akasema, "Mahindi yake ni mazuri." Lakini Bwana Shamba akipita barabarani na kumwamkia, yeye alitazama mahindi. Hakuitika. Hakuitika siku ile, wala msimu ule, wala uliofuata. Kila asubuhi mtu yule alishuka kwenye baiskeli mbele ya kiwanja kile, akasema salamu yake kamili na heshima zote, akasubiri kidogo, akapanda baiskeli. Watu wa kijiji walijifanya hawaoni.

Kisha ukaja mwaka wa jua. Mahindi yalijikunja yakiwa hayajafika kiunoni, na penye mahindi peke yake hapakubaki kitu kingine cha kutazama. Waliokuwa na muhogo wameuficha mabondeni walipona. Wengine walipanda kwenye mahame yao mlimani mchana wakarudi na ndizi chini ya kanga. Mama Skolastika hakuwa na nguvu ya kupanda mlima. Nilimgawia nilichokuwa nacho, na sikuwa nacho sana. Aliyemlisha hasa ni Bwana Shamba. Jioni alisimamisha baiskeli, akaweka boga kizingitini, siku nyingine ndizi fupi nene za kupika.

"Limetoka sokoni," aliuambia mlango.

Mama Skolastika aliyala maboga yale na ndizi zile. Salamu hakumpa.

Nilianza kuchoka mwaka ule, nadhani. Si kuacha kuamini, kuchoka tu. Barua za wilayani zilikuja, mwaka huu lima pamba, mwaka huu lima alizeti, mwaka huu kila kaya eka kadhaa za muhogo. Sukari ikaadimika, sabuni ikaadimika, na madukani Kasulu wenye maduka walikaa mbele ya rafu tupu wakituuliza sisi habari. Bwana Shamba alizeeka upande wa mabega, kamba ilikokuwa ikikaa. Aliendelea kutandika, ila sasa mstari ukipinda kidogo kumkwepa jiwe, aliuacha.

Mara ya mwisho kukaa naye kitako ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya sabini. Alikuwa amerudi kutoka Kibondo kwenye semina. Alikuja kwangu mchana, vumbi la lori bado kwenye nyusi, akaketi. Nilimwekea chai isiyo na sukari. Vikombe vilikuwa viwili mezani, kimoja kimeelekea huku, kingine kule. Hakuvigusa. Hapo nikajua kuna jambo.

"Kuna kijana mtaalamu, mwenye miwani," alisema. "Ametuwekea picha ukutani. Maharage ndani ya mahindi. Migomba juu. Maboga chini. Anaita kilimo mchanganyiko. Anasema utafiti umeonyesha."

"Umeonyesha nini?"

"Kwamba kimoja kikifa, kingine kinabaki." Alicheka bila sauti, pengo likaonekana. "Nikamuuliza, na kamba? Akasema, 'Mzee, kamba ni mambo ya zamani.' Aliniita mzee, Mwalimu. Tumeagizwa twende nyumba kwa nyumba tukawaambie watu wachanganye."

Sikujua nicheke au nilie. "Walisema tulikosea?"

"Hapana. Walisema 'siku hizi'. Siku hizi tunashauri. Hakuna aliyekosea."

Nilitaka kumpa nafuu. Nikamwambia huenda yote mawili ni kweli, mstari una wakati wake na mseto una wakati wake, kama jino lake lilivyokuwa na habari nyingi na zote zikafaa. Alinitazama kwa uchovu ambao sijauona tena kwa mtu.

"Jino lilikuwa langu," alisema. "Mgomba haukuwa wangu."

Maneno hayo ndiyo niliyompa binti wa kaka yangu, na kwa mara ya kwanza likizo nzima alivuta ungo kwake akaanza kuchambua maharage. Anataka kumweka mtu yule upande mmoja na hawekeki. Wala mimi. Mimi ni mtu wa mistari aliyechoka na mistari, na wachanganyaji nao wananichosha wakiniambia hakuna kilichonyooka, kwa sababu niliona kwa macho yangu kitu kimoja kilichonyooka, na ndicho ninachomalizia nacho.

Siku ileile ya chai, Bwana Shamba aliomba nimsindikize kwa Mama Skolastika. "Wewe ni jirani yake. Nikienda peke yangu nitaongea na mlango." Lakini kwanza tulipita nyumbani kwake. Aliegemeza baiskeli, akaenda moja kwa moja kwenye ua wa matete, akaingia. Mkewe alikuwa kizingitini anapepeta. Aliacha kupepeta.

"Leo amepotea njia," alisema kwa sauti ndogo.

Tulisikia jembe. Ndipo mkewe akanieleza. Siku ile ya mvua, aliyong'oa mgomba wa Mama Skolastika, Bwana Shamba alirudi nyumbani amelowa, amebeba chipukizi kwenye gunia. Alilipanda nyuma ya nyumba mwenyewe, gizani mwa mvua, bila kamba. Akamwambia mkewe asimuulize na asimwambie mtu, ndiyo maana mimi niliambiwa hajawahi kuingia mle. Tangu hapo hakukanyaga tena mle. Lile shina nene nililoliona mle ndani misimu kadhaa baadaye ndilo lile, na ndizi fupi nene alizoweka kizingitini mwa Mama Skolastika mwaka wa jua zilitoka humo.

"Kwa hiyo alijua amekosea," nikasema.

"Oya, hapana, Mwalimu. Aliamini mstari wake kabisa. Ndiyo maana nilimwogopa siku ile. Aliamini, na bado akaubeba mgomba."

Bwana Shamba akatoka na chipukizi ndani ya gunia, udongo umeshika mizizi, akalifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba yake ya mafundo. Tukaenda kwa miguu, yeye akisukuma.

Mama Skolastika alikuwa amekaa nje, mgongo umeanza kuinama kwa uzee. Alisalimiana na mimi. Bwana Shamba akatoa salamu yake kamili, akasubiri. Mama Skolastika akatazama mahindi.

Basi Bwana Shamba akaanza kusema. Alisema lile la semina lote, kwamba siku hizi wataalamu wanashauri kuchanganya, kwamba kimoja kikifa kingine kinabaki. Alisema kama mtu anayesoma tangazo la watu wengine. Mama Skolastika alimwacha amalize. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, akamsemesha.

"Umetumwa, au umekuja?"

Bwana Shamba alifungua kamba, akashusha gunia. Udongo ulimwagika kidogo kwenye viatu vyake.

"Maneno nimetumwa, Mama. Huu nimekuja nao mwenyewe. Ni wa mzee wako. Niliuchukua siku ile."

Mama Skolastika alisogea akaligusa lile jani lililojikunja, akaliangalia shina kwa chini, na kiko kikamtoka mdomoni, akakiacha kilipoangukia. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana.

"Mmenishusha mlimani, nikashuka. Mmesema ng'oa, mkang'oa. Leo mnasema panda. Kesho atakuja mwingine mwenye miwani mikubwa zaidi. Mwana wanje, mwanangu, mimi nimechoka na maneno. Maneno rudi nayo Kibondo. Mgomba uache hapa."

Bwana Shamba akauliza aupande wapi. Kamba ilikuwa mkononi mwake; nadhani hata hakujua ameishika. Mama Skolastika alichukua jembe lake lililokuwa ukutani, akaingia katikati ya mahindi, akachimba kati ya mstari na mstari, si pale ulipokuwa zamani, mahali alipotaka yeye tu. Mabua mawili ya mahindi yakalala. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu alituonyesha kwa mkono tukae mbali. Alifukia, akashindilia kwa mguu, akafuta mikono kwenye kanga.

Kisha akapiga goti pale penye udongo mbichi, kwa shida, akishikilia bua. Akakunja viganja, akapiga makofi taratibu.

"Mwakeye," alisema.

Ilikuwa alasiri tayari, si saa ya salamu ile, lakini ilikuwa imengoja tangu ile asubuhi niliyochelewa shule. Upepo ulipita kwenye mahindi. Nikakumbuka alivyoniambia kwamba mzee wake ni mzito wa kujibu, nikajua salamu itaning'inia tena kama zamani, nasi tutasimama pale tukijifanya hatusikii.

Bwana Shamba aliiweka kamba chini. Akapiga goti nyuma yake, kaptura ya kaki kwenye udongo, akakunja viganja vyake, akapiga makofi kama Waha wanavyopiga, akaitikia.

Mama Skolastika hakugeuka. Alisubiri amalize, kisha akampa mkono amsaidie kuinuka.